Wiki ya bamvua Pwani ya Mahori, Normandie

Magharibi mwa rasi ya Cotentin, kuanzia Carteret kushuka kuelekea Granville, bahari imeingia bara kwa mahori manane, moja baada ya jingine, na katikati yake ni fukwe ndefu za mchanga. Hoteli kubwa hakuna. Zilizopo ni nyumba za mawe za wakulima wa zamani, zilizokarabatiwa na kukodishwa kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi. Wafaransa huziita "gîte". Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1951 katika milima ya kusini-mashariki, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Gîtes de France, ambalo hupanga daraja za nyumba zake kwa masuke ya ngano, moja hadi matano. Masuke hupima vifaa, hayapimi utulivu. Nyumba ya masuke mawili iliyo mwisho wa njia ya shamba inaweza kukupa usingizi kuliko ya masuke manne iliyo kando ya barabara.

Simulizi hii inakwenda siku kwa siku, kwa familia ya watu wanne au watano iliyopanga nyumba karibu na Portbail mwezi Septemba. Shule za Ufaransa zinakuwa zimefunguliwa, bei zimeshuka, na maji ya bahari bado yana joto lililobaki la kiangazi.

Kabla ya safari

Chagua wiki kwa kuangalia mwezi. Ukipata wiki ambayo mwezi mpevu au mwezi mchanga unaangukia Jumanne, bamvua, yale maji yanayojaa na kukupwa kuliko siku nyingine, itafika kileleni Alhamisi, kwa sababu hapa kilele huja siku moja na nusu hivi baada ya mwezi. Aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja anaijua kanuni hii. Kitakachomshangaza ni ukubwa tu. Kwetu bamvua hupanda na kushuka mita tatu hadi nne. Carteret ni mita kumi hivi, na Granville, katika bamvua kubwa kabisa, hukaribia mita 14.

Soma mkataba kabla ya kutuma pesa. Malipo ya awali yakiandikwa "arrhes", ukijitoa unayapoteza na mambo yanaishia hapo. Mwenye nyumba naye akijitoa anakurudishia mara mbili. Yakiandikwa "acompte", umejifunga kulipa kodi yote hata usipokwenda. Uliza pia kuhusu amana, kodi ya manispaa ya kulala wageni, umeme kama umo ndani ya bei, na bima. Mikataba mingi humtaka mpangaji awe na bima ya moto na maji, kwa kuwa nyumba ikiungua mikononi mwake, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Anayetoka Afrika Mashariki kwa viza ya Schengen aupeleke mkataba huu ubalozini kama uthibitisho wa mahali pa kulala, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Leseni ya udereva ya nchi isiyo ya Umoja wa Ulaya iambatane na kibali cha kimataifa au tafsiri rasmi ya Kifaransa.

Mashuka mara nyingi hayamo. Uliza vipimo vya vitanda: 140 kwa 190 na 160 kwa 200 ndivyo vya kawaida, na shuka la lastiki la kimoja halikai kwenye kingine. Uliza pia kama ni blanketi au mfarishi, maana mfarishi bila foronya yake kubwa hautumiki. Plagi za pini tatu bapa za Kenya, Tanzania na Uganda haziingii kwenye soketi za huku. Chukua adapta mbili au tatu.

Jumamosi: kufika

Kutoka Paris ni kilomita 350 hivi, saa nne za gari bila msongamano: A13 hadi Caen, kisha N13, ambayo haina ushuru, hadi Valognes, halafu barabara ndogo kwenda pwani. A13 siku hizi haina vizuizi vya kulipia. Kamera zinasoma namba ya gari nawe unapita tu, lakini deni limeandikwa. Una saa 72 za kulipa kwenye tovuti ya Sanef, kampuni ya barabara hiyo, au kwa fedha taslimu katika duka la tumbaku linalotoa huduma hiyo. Ukichelewa, faini inaongezwa juu ya ushuru. Kwa gari la kukodi, faini hiyo hupitia kwa kampuni ya magari, ambayo nayo huongeza gharama yake ya kushughulikia karatasi. Lipa usiku huohuo unapofika. Wa treni hupanda kituo cha Saint-Lazare, Paris, na kushuka Valognes au Cherbourg, lakini bila gari nyumba ya shambani inakuwa kifungo.

Fanya manunuzi Valognes kabla hujafika. Kesho ni Jumapili, na baada ya saa sita na nusu mchana vijijini hakutakuwa na duka. Wanaokula nyama ya halali waibebe kutoka Paris au Caen kwenye boksi la barafu, maana bucha za vijijini hazina. Unga wa sembe mweupe na wa muhogo upo maduka ya mtaa wa Château Rouge, Paris. Supamaketi za huku zina unga wa mahindi wa njano tu, nao ugali wake ni laini na mtamumtamu. Tui la nazi la kopo linapatikana karibu kila mahali.

Funguo hutolewa kuanzia saa kumi jioni, na mkataba hutaja saa ya mwisho ya kupokelewa. Ukiona utachelewa, piga simu. Mara nyingi mwenye nyumba anakaa ua wa jirani na anakungoja kweli. Anza na "bonjour" kabla ya neno lolote lingine. Huku kuanza na swali bila salamu ni utovu wa adabu, kama ilivyo kwetu.

Kisha mpite nyumba yote pamoja. Usisaini karatasi ya hali ya nyumba ukiwa umesimama mlangoni. Hesabu glasi na sahani, angalia godoro, fungua bomba, vuta maji ya choo, washa kila plate ya jiko. Pale panapo ufa au doa, liandikwe na lipigwe picha. Soma mita ya umeme mbele yake. Muulize mambo manne: valvu kuu ya maji ipo wapi, bodi ya umeme ipo wapi, kuni zipi ni za kutumia, na taka zinatolewa siku gani. Ukiyapata hayo, wiki yako imeshanyooka nusu.

Jumapili: kuijua nyumba

Asubuhi nenda ukachukue mkate mapema, kwa sababu mikate mizuri huisha. Kila mwoka mikate ana siku yake ya kufunga, imeandikwa mlangoni. Isome leo usije ukaenda bure katikati ya wiki.

Umeme kwanza. Nyumba nyingi zina mkataba wa kVA 6, yaani kilowati 6 hivi kwa wakati mmoja. Oveni inakula kilowati 2.5, birika 2, mashine ya kufulia 2, na hita ya chumbani 1.5. Viwashe vyote kwa pamoja, mita inakata. Ikiwa ni mita ya Linky, lile boksi la kijani-manjano, zima kwanza kimojawapo, kisha bonyeza kitufe cha "+" na ukishikilie hadi usikie mlio wa swichi kujirudisha. Ukikibonyeza bila kupunguza mzigo, itakata tena palepale. Ikiwa kilichoanguka ni swichi ya usalama ya 30 mA kwenye bodi, kisa ni kingine: kuna kifaa kinachovujisha umeme, mara nyingi kilichoingia maji. Chomoa vyote, pandisha swichi, rudisha kimoja kimoja. Kitakachoiangusha ndicho kibovu. Kiache na umwambie mwenye nyumba.

Maji ya moto hutoka kwenye tangi la lita 200 hivi linalochemka usiku, saa za umeme nafuu. Likiisha jioni, hakuna mengine hadi alfajiri. Watu watano wakioga dakika tano tano yatatosha. Wawili wakikaa robo saa kila mmoja, wa mwisho ataoga baridi. Kwenye bodi kuna swichi ndogo ya tangi yenye "auto", "0" na "1". Kwenye "1" tangi linachemka mchana pia. Baadaye irudishe "auto", hasa kama umeme unaulipia mwenyewe.

Gesi ya kupikia huwa ni mtungi wa butani wa kilo 13. Nati ya regulita ina nyuzi za kinyume: unafungua kwa kuzungusha upande ambao kwa kawaida ungekaza. Wengi huikaza kwa nguvu zote wakidhani wanafungua, hadi wanaharibu mpira wa ndani. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kiungo, fungua gesi, tazama. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja.

Choo kinaelekea kwenye karo la maji taka lililo uani. Linafanya kazi kwa bakteria, basi klorini, mafuta ya kukaangia na vitambaa vya kufutia watoto, hata vile vilivyoandikwa kuwa vinayeyuka, havitupwi humo. Bomba likiziba Jumapili jioni, fundi hapatikani.

Sasa jiko la kuni la sebuleni. Kuta za mawe zina unene wa nusu mita na zaidi. Zikishapoa hazipati joto kwa haraka, na usiku wa Septemba karibu na bahari una unyevu unaopenya. Wengi huwasha moto kutoka chini, na moshi unajaa chumba. Uwashe kutoka juu. Fungua tundu la hewa lote. Panga chini magogo mawili au matatu yaliyopasuliwa, yenye unene wa sentimita nane hadi kumi, yasibanane. Juu yake weka vijiti vikavu vya unene wa kidole, safu mbili kwa kukingamana, na kileleni kiwashio kimoja. Washa, acha mlango wazi kidogo kwa dakika tano, kisha ufunge. Moto unashuka taratibu, na moshi wa magogo unapita kwenye miali na kuungua humo badala ya kutoka. Baada ya robo saa au dakika 20, punguza hewa. Ongeza gogo moja pale tu miali imekwisha na makaa yamebaki mekundu.

Moshi ukirudi ndani, bomba la moshi limepoa na hewa nzito imekaa humo. Choma karatasi moja ya gazeti karibu na mdomo wa bomba ndipo uwashe. Feni ya jikoni nayo huvuta hewa ya nyumba yote, izime. Kioo kikiwa cheusi ndani ya saa moja, kuni ni mbichi au hewa imebanwa mno. Kisafishe kikiwa baridi kwa gazeti lililoloanishwa na kuchovywa kwenye jivu jepesi jeupe; sugua kwa duara, futa kwa gazeti kavu. Jivu linawekwa kwenye ndoo ya chuma nje, si ya plastiki, maana makaa hudumu ndani yake siku nzima na zaidi. Matundu ya hewa ya ukutani yasizibwe kwa sababu ya baridi. Moto unaokosa hewa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, na dalili ya kwanza ni kichwa kuuma kwa watu wote waliomo.

Jumatatu: rasi ya Carteret

Jumatatu maduka mengi yamefungwa, basi ni siku ya kutembea. Njia ya maafisa wa forodha wa zamani, sasa njia ya matembezi iitwayo GR 223, inazunguka rasi ya Carteret chini ya mnara wa taa, ikipita magofu ya kanisa la kale la Saint-Germain, hadi kwenye machuguu ya mchanga ya Hatainville. Upepo umeyapandisha hadi juu ya jabali la kale, kwa hiyo unapanda mchanga ukidhani umefika, kumbe kuna mwingine nyuma. Sehemu kubwa ni mali ya Conservatoire du littoral, chombo cha umma kilichoundwa mwaka 1975 kununua ardhi ya pwani isijengwe. Kaa kwenye njia: majani yale makavu ndiyo yanayoshika mchanga, na mguu unaoyang'oa unaupa upepo mlango. Vaa viatu vilivyofungwa na chukua maji, maana juu huko hakuna kivuli wala bomba.

Anga likiwa jeupe utaona kisiwa cha Jersey, kilomita 25 hivi baharini, na msimu wa watalii boti huondoka Carteret. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo asiipande kwa kufuata mkumbo. Jersey haimo Ufaransa wala Schengen. Kuingia ni kwa viza ya upande wa Uingereza, na ukitoka tu, viza ya Schengen ya kuingia mara moja imekwisha kazi. Utakwama bandarini jioni ukiwa na funguo za nyumba mfukoni.

Jumanne: soko la Portbail

Soko ni asubuhi. Nenda kabla ya saa nne, kwa samaki hasa. Kome wa kukuzwa kwenye nguzo, chaza, konokono wa bahari, na kondoo wa majani ya chumvi waliolishwa pembezoni mwa mahori, hivyo ndivyo vya huku. Siagi na krimu ya Normandie ni vizuri mno kuviacha. Soseji nyingi ni za nguruwe hata zisipoandikwa, uliza. Sharubati ya tofaa na pombe ya tofaa hukaa meza moja na chupa zinafanana. Isiyo na kilevi imeandikwa "jus de pomme".

Baada ya soko vuka daraja la matao kumi na matatu na utazame hori. Likikupwa ni matope na mikondo miembamba na boti zimelala ubavu. Angalia mikondo hiyo imekaa wapi. Alhamisi utahitaji kujua.

Jumatano: kusoma maji

Leo hushuki. Leo unatazama, na usiiruke siku hii, kwa sababu wanaonaswa na maji huku mara nyingi ni watu wanaoijua bahari ya kwao.

Jedwali la maji linapatikana bure ofisi ya utalii. Hesabu zake zinatoka SHOM, idara ya Ufaransa ya upimaji wa bahari. Linatumia saa za Kifaransa, 15:00 ni saa tisa alasiri. Baadhi ya majedwali hayajajumlisha saa moja ya kiangazi. Tafuta maandishi ya "UT+1", na ukiyaona ongeza saa moja mwenyewe. Kosa la saa moja katika bamvua lina uzito wa mita mbili za maji.

Pembeni kuna namba iitwayo "coefficient", inayopima ukubwa wa maji ya siku hiyo, kuanzia 20 hadi 120. Maji mafu ya kawaida, yanayopanda na kushuka kidogo, ni 45, bamvua ya kawaida 95, na 120 ni ya nadra kabisa. Katika wiki tuliyoichagua, Jumamosi ya kufika ilikuwa 50 na kitu, leo inakaribia 95, kesho itapita 100 kidogo. Saa nazo husogea mbele dakika 40 hadi 50 kwa siku. Pwani hii ina bahati moja: bamvua zake hukupwa alasiri, kati ya saa nane na saa kumi, hivyo bamvua haikulazimishi kuamka usiku.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote kwa kumi na mbili: saa ya kwanza huingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa kimo cha mita kumi, saa ya tatu na ya nne kila moja inaleta mita mbili na nusu, yaani sentimita nne kila dakika. Kwenye mchanga ulio karibu sawa, sentimita nne za kimo ni mita nyingi za ufuko.

Kaa ukingoni mwa hori la Portbail saa mbili baada ya maji kukupwa na uone lenyewe. Maji hayaji kwa mstari kutoka baharini. Yanaingia kwanza kwenye mikondo, yanapita pembeni ya fungu la mchanga, yanakutana nyuma yake. Fungu linabaki kavu, jeupe, linavutia, ilhali njia ya kurudi imeshakuwa mto. Mtu aliyesimama juu yake akitazama baharini haoni kitu kilichobadilika.

Alhamisi: kushuka kuokota

Soma kwanza bango la ufukweni au la ofisi ya manispaa. Linasema kama eneo ni salama kiafya, kama limefungwa, na kila mtu anaruhusiwa kiasi gani. Mvua kubwa ikiwa imenyesha jana, acha. Maji ya mashamba hushuka na vijidudu, na kombe hunywa kila kinachopita.

Vifaa: buti za mpira, kikapu cha waya au cha ukindu kinachopitisha maji, reki ndogo ya mkono, rula ya vipimo ambayo ofisi ya utalii huitoa, saa ya mkononi, simu yenye chaji ndani ya mfuko usiopenya maji, na koti la upepo. Mwambie mtu uliyemwacha nyumbani unashukia wapi na utarudi saa ngapi.

Maji yakikupwa saa tisa, shuka saa saba. Yafuate yanavyorudi nyuma, uokote ukiyasindikiza. Saa tisa kamili unageuka, kikapu kimejaa au hakijajaa. Huo wakati ndio unaowashinda wengi, kwa kuwa saa ya kukupwa ndiyo bahari inapotulia na mchanga kuwa mpana kuliko wakati wowote. Usivuke mkondo unaozidi goti ukienda, maana ukirudi utakuwa kifuani. Ukungu ukitanda, rudi mara hiyo hiyo. Ndani ya ukungu mchanga hauna upande. Ukinaswa au ukimwona aliyenaswa, piga 196, namba ya uokoaji baharini, au 112. Pwani hii inasimamiwa na kituo cha uokoaji cha CROSS Jobourg.

Kombe ndogo za mviringo zenye mistari, "coques", hukaa sentimita mbili hadi tano tu chini ya mchanga wenye tope kidogo. Zitafute palipo na vitundu viwili vilivyo jirani. Reki ipite juu juu, usichimbe shimo. Pima kila moja: chini ya sentimita 2.7 irudi mchangani pale pale. Kome ni sentimita nne, na kombe ziitwazo "palourdes" za asili ya huku nne pia. Wakaguzi wapo na hupima kweli. Ukipindua jiwe, lirudishe lilivyokuwa, upande wa mwani juu. Kilichoishi chini yake hufa kwa jua ukiliacha limepinduka. Nguzo za kome na meza za chaza ni mashamba ya watu, na kuchuma humo ni wizi.

Rudi na ndoo moja ya maji ya bahari yenyewe. Tandaza kombe kwenye beseni zisirundikane, mimina maji ya bahari yazifunike, weka mahali pa baridi na giza kwa saa tatu nne, ubadilishe maji mara moja tu. Zitajifungua na kutema mchanga. Mwishowe utaukuta umetulia chini kama unga wa kijivu. Huna maji ya bahari, tia gramu 30 hadi 35 za chumvi kwa lita. Maji matamu hayafai: zinajifunga na mchanga wake ndani, kisha zinakufa.

Kabla ya kupika, gonga kila iliyo wazi. Isiyojifunga itupe. Kilo moja na ganda ni ya watu wawili. Kaanga kitunguu kwenye siagi kwenye sufuria pana, pandisha moto, mimina kombe, funika, tikisa. Dakika tatu hadi nne zimefunguka. Ambazo hazikufunguka tupa. Chuja mchuzi kwa kitambaa, urudishe na kikombe cha tui na ndimu, bila chumvi, kwa sababu zimekuja nayo.

Ijumaa: kuoga, na kuanza kufunga

Oga baharini wakati maji yamejaa au yanapanda, ndani ya eneo linalolindwa kama walinzi bado wapo. Septemba fukwe nyingi hazina tena. Maji hata yanapokuwa ya moto kabisa huzunguka nyuzi 17 hadi 19, na mwili uliozoea 27 unapigwa na baridi ndani ya dakika chache. Ingia taratibu, lowesha shingo kwanza.

Kwenye mchanga wa maji mafupi hujificha samaki mdogo aitwaye vive, mwenye miiba yenye sumu mgongoni. Ukimkanyaga, maumivu hupanda mguu mzima. Zamisha mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, nyuzi 40 hivi, kwa dakika 20 hadi 30. Joto huivunja sumu yake. Maji yapimwe na mtu asiyeumia, maana mwenye maumivu huweza kujiunguza asijue. Viatu vya mpira vinazuia yote haya.

Mchana unatosha kwenda Lessay, nusu saa ya gari, kuona abasia ya mtindo wa Romanesque ya karne ya 11 iliyobomolewa vitani mwaka 1944 na kujengwa upya kwa mawe yake. Jioni fua taulo, maana hakuna kinachokauka asubuhi ya kuondoka. Chupa zote zipelekwe kwenye kontena la kijiji kabla ya usiku. Magamba ya kombe ni ya takataka za kawaida, si ya glasi.

Jumamosi: kukabidhi

Kutoka ni saa nne asubuhi, na mwenye nyumba ana wageni wengine saa kumi. Amka saa kumi na mbili. Kama hukulipia usafi, nyumba irudi ilivyokuwa: oveni, friji, sakafu, vyombo kabatini, jivu limetolewa, vitanda vimevuliwa. Oveni ndiyo inayokula muda na ndiyo inayokatwa kwenye amana, ianze hiyo. Mchanga usisukumwe kwa maji kwenye shimo la bafu; fagia ukiwa mkavu.

Soma mita tena pamoja naye, pitieni karatasi ileile ya kwanza. Ulichovunja kitaje mwenyewe kabla hakijaonekana. Glasi moja mara nyingi husamehewa, glasi iliyofichwa haisahauliki. Amana ikiwa ni hundi au kizuizi cha kadi, pata kwa maandishi siku itakapofutwa.

Gari la kukodi linarudi na tangi limejaa. Pampu za supamaketi ya Valognes ni nafuu kuliko za barabara kuu, lakini wikendi hubaki mashine peke yake, nayo hushika kwanza yuro mia na zaidi kwenye kadi kabla ya kutoa mafuta, kisha hurudisha salio baada ya siku kadhaa. Kadi yenye salio dogo itakataliwa, na kadi nyingine za nje ya Ulaya hukataliwa hata zikiwa na fedha. Weka noti kwa ajili ya kituo chenye mhudumu.